Baruti Isiyovumilia Shikamoo

Jumapili, mwanzoni mwa Novemba. Mvua nyembamba tangu asubuhi, baridi, inagonga dirisha bila kuamua kama iwe theluji. Chai imepoa mezani. Hasira haijapoa.

Naanza na dai langu, ili asitokee wa kusema hakunielewa. Kwa bunduki ya kuwindia inayotumia vichwa vya kumimina, yaani vichwa vya risasi tunavyovitengeneza wenyewe kwa madini laini yaitwayo risasi, yaliyoyeyushwa, baruti inayofaa ni ile inayolijaza ganda kiasi kwamba ukipitiwa ukaitia mara mbili, inafurika na kumwagika mezani mbele ya macho yako. Baruti ya haraka, ile inayotiwa kijiko kidogo ikalala chini ya ganda kama vumbi, haitufai. Haitufai sisi hasa, watu wa kundi letu, kwa namna tulivyolelewa.

Hilo la malezi nitalieleza, kwa sababu ndilo linalokwepwa.

Kila Jumamosi majani yanapoanza kupukutika, tunakutana katika gereji ya Mzee Sadru kule Mississauga. Mzee Sadru alizaliwa Tabora, akaja huku ughaibuni akiwa kijana na wazazi wake, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba mimi, niliyekuja juzi tu, huipanga sentensi kichwani kabla ya kumjibu. Ameniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Bila gereji yake hatuna kundi. Mimi nakaa ghorofani Flemingdon Park, mahali ambapo ukikaanga samaki king'ora cha moshi kinawatoa majirani koridoni, sembuse kuyeyusha risasi. Deo, rafiki yangu tangu chuo, yuko Scarborough katika jengo lisilo na tofauti na langu. Tofauti ni kwamba yeye ana gari.

Kazi tumegawana. Mimi nilisomea uhandisi wa metali, kwa hiyo jiko na kalibu ni vyangu: nayeyusha, nachanganya na bati kidogo, namimina, napima unene wa kila kichwa, navipaka nta. Mzee Sadru ndiye mwenye baruti. Deo hukalia mashine ya mkono na kuvikaza vichwa kwenye maganda. Watoto wa Mzee hupita wakachungulia, wakasalimia kwa Kiingereza na kurudi ndani kwenye joto.

Mzee hutumia baruti ya haraka, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za marisau. Nitamtendea haki: sababu zake si za kipuuzi. Kidogo chake kinatosha. Haimpigi mtu bega. Haikisukumi kichwa laini kwa kasi ya kukifanya kiache utando wa risasi ndani ya mtutu. Akiegemeza bunduki kwenye mifuko yake ya mchanga pale uwanjani, matundu yote ya risasi zake hufunikwa na kisahani cha chai, nami sijawahi kuyafunika yangu kwa kisahani hicho. Nimeyakubali hayo mbele yake mara nyingi.

Lakini uwanja wa shabaha si msitu. Kiasi kidogo ndani ya ganda kubwa hutembea. Ukiinamisha mtutu kutoka kwenye jukwaa la kuwindia, juu ya mti, baruti inateleza mbele kuelekea kwenye kichwa. Ukiuinua, inarudi nyuma kwenye fataki, kile kidude cha kuiwashia. Haiwaki namna moja. Mnyama anastahili risasi inayokwenda pale ulipolenga. Nililisema hilo mwaka jana. Mzee alicheka akaniuliza kama huko chuoni walinifundisha pia kupanda mti.

Watu walicheka. Nami nilicheka. Hiyo haikuniuma.

Kilichoniuma kilianza Jumamosi ile ya mwezi uliopita. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kibao chenye matundu, maganda yamepangwa mistari kwa mistari, akitia kijiko kimoja kimoja kwa faneli. Mlango wa ndani ukafunguka, akaingia Bibi Gulbanu, dada yake mkubwa, na sinia la kachori. Bibi Gulbanu ametupita sote umri, Mzee akiwemo. Kila mtu akaacha alichoshika. Wote wakainuka, wakampokea sinia, shikamoo moja baada ya nyingine, na yeye hapokei shikamoo kwa haraka: lazima aulize mama yako hajambo, unakula nini, na kwa nini hujaoa. Mzee Sadru naye aliweka kijiko, akaenda, akamwinamia na kuubusu mkono wake.

Mimi peke yangu sikuondoka. Risasi iliyoyeyuka haiachwi. Nilitoa shikamoo yangu pale pale kwenye jiko la kuyeyushia, nimewapa mgongo, na nikasikia wazi Mzee akimwambia dada yake, "Msamehe, huyu adabu aliisahau kwenye ndege."

Nikaendelea kumimina. Nilikuwa na kalibu mkononi.

Wakarudi kazini na kachori mdomoni. Yaliyofuata nimeyapata kwa Deo mwenyewe. Mzee alikitazama kibao, akauliza alikuwa amefika wapi. Deo akajibu mstari wa tatu. Mzee akaendelea kuanzia hapo. Tochi ya kumulikia ndani ya maganda ilikuwa pale pale rafuni, na hakuna aliyeiwasha, maana kachori zilikuwa zinapoa.

Lisome tena hilo, wewe uliyelelewa kama mimi. Nani kati yetu angebaki ameketi? Nani angemwambia Bibi Gulbanu, subiri kwanza, nina maganda kumi yaliyobaki? Hayupo. Tutainuka. Kesho akiingia tutainuka tena, na ni vizuri tuinuke. Basi uchaguzi wa baruti lazima uanzie hapo, kwa watu wanaoacha kazi katikati ili wasalimie, badala ya kuanzia kwa mtu wa kitabuni anayefanya kazi peke yake chumbani, kimya, simu imezimwa. Baruti nene inayojaza ganda ingefurika pale pale kwenye mstari wa tatu. Tungecheka, tungepangusa meza, tungeanza upya. Hii ya haraka ilipokea kijiko cha pili, na ganda bado likaonekana tupu.

Wiki iliyofuata tulikwenda uwanjani. Deo alipiga chache bila shida. Kisha mlio mmoja ukatoka usiofanana na mingine, mkavu, na moshi ukaruka nyuma, kwenye uso wake. Miwani ya kinga ilimwokoa macho. Shavu lilibabuka kuanzia kwenye fremu ya miwani hadi sikioni. Bolti, kile kifungio cha nyuma ya mtutu, haikufunguka mpaka fundi wa bunduki wa pale uwanjani alipoigonga kwa nyundo ya mbao. Ganda lilipotoka, kitako chake kilikuwa kimetanuka na fataki imebonyea ikawa bapa kama sarafu. Fundi aliizungusha bunduki mara moja mikononi, akasema isipigwe tena.

Mzee Sadru alikiokota kichwa kimoja kati ya vile nilivyomimina, akakiviringisha kwenye vidole, akatamka mbele ya watu wote:

"Kinene hiki. Kinene na kigumu, kama aliyekimimina."

Wakacheka, kwa ile nafuu ya watu waliokuwa wameogopa. Na hapo kesi ikafungwa. Kosa ni langu.

Hakupima. Hakuna aliyepima. Mimi nilipima jioni ile ile, na nimepima tena juzi: mtutu wa Deo, na kila kichwa kilichobaki cha mchanganyo ule. Unene ni ule unaotakiwa, mkubwa kidogo kuliko mtutu, kama inavyopasa kwa vichwa vya kumimina. Na hata vingezidi, madini laini hujikunja yakapita. Hayatanui shaba ya ganda namna ile. Aliyewahi kuvua ganda la namna ile kutoka kwenye chemba anajua limeshiba nini.

Niliandika haya yote, kwa heshima, katika kundi letu la wasapu. Nilianza kwa shikamoo. Nilieleza kuhusu mstari wa tatu bila kumtaja aliyeshika kijiko. Kabla sijamaliza kuosha vyombo, ujumbe wangu ulikuwa umefutwa, na mahali pake pamewekwa sauti ya Mzee Sadru, tulivu, ya mtu aliyeketi vizuri. Alisema vijana wetu wamesoma na tunajivunia, lakini wajifunze kwamba si kila jambo ni mtihani wa chuo. Alisema ajali ni ajali. Alisema Jumamosi tutakutana kama kawaida, na yule kijana akiomba radhi kwa Bibi Gulbanu atapokewa.

Kwa Bibi Gulbanu!

Ndiyo, natambua amefanya nini. Ameyageuza maneno yangu kuhusu baruti yawe maneno kuhusu dada yake. Sasa nikisema mstari wa tatu, nimesema kachori zake nusura zimpofushe mtu. Nikinyamaza, nimekiri kwamba kichwa changu kilikuwa kinene. Kwa mtu anayedai hapendi mitihani, ametunga mmoja mgumu.

Vidole gumba viliwekwa chini ya sauti ile, vya kupongeza. Nilivihesabu? Hapana. Nilitazama tu kama cha Deo kimo. Hakikuwamo.

Nilikwenda kumwona jana. Ngozi mpya imeanza, ya waridi. Alinisihi nisiandike. Mzee ndiye aliyemwombea kazi yake ya kwanza hapa, tena kwa kwenda mwenyewe, akaketi na mkubwa wa pale. Na kuna jingine lililomkaa kooni.

"Nilisema wa tatu," aliniambia, "lakini nilikuwa nakisia tu. Aliniuliza, nikaona aibu kusema sijui."

Kisha akaniambia jambo ambalo limenifanya niandike hapa, kwenye ukurasa wangu, ambako hakuna wa kufuta. Risasi tulizotengeneza siku ile ya kachori hazikupigwa zote. Ziligawanywa. Nusu ya Deo haipo tena: chache alizipiga, na zilizobaki nilizichukua nikazivunja mwenyewe, moja moja, na kumwaga baruti. Katika hizo sikukuta kosa. Nusu nyingine, ikiwa na masalia ya mstari wa tatu na wa nne wote, iko katika kisanduku cha kijani, na kisanduku cha kijani kiko kwa Mzee Sadru. Anasema ndizo atakazokwenda nazo kaskazini msimu ukifunguliwa Jumatatu ijayo. Anasema atamwangusha kulungu kwa risasi hizo hizo, ampige picha, ayamalize maneno.

Nilimwomba ruhusa Deo. Alitazama maegesho ya magari kule chini. Akasema, "Andika. Ila usinifanye mjinga."

Si mjinga. Aliulizwa swali na mkubwa wake, akajibu.

Nimejiuliza tangu asubuhi kama naandika ili nishinde. Napenda kushinda, wanaonijua wanajua, na nimekwisha kushinda mabishano mengi ambayo hayakuwa na maana kwa yeyote. Ningeweza kuliacha na hili. Ningeweza hata kuomba radhi kwa Bibi Gulbanu, ambaye najua angenipa kachori na kuniuliza tena kwa nini sijaoa. Kichwa kinene, kichwa kigumu, nakubali, niandikeni hivyo.

Lakini mtu wa umri ule atapanda jukwaani alfajiri, peke yake, mkono umekufa ganzi kwa baridi, na shavu lake litalala nyuma ya bolti ya bunduki yake. Miwani ya kinga haivai msituni, anasema inashika ukungu. Nimeliona jeraha la moshi kwenye shavu la Deo. Sihitaji kukisia la pili litakuwaje.

Wapo watakaomwambia azipime kwa mizani, asizivunje. Msimsikilize anayesema hivyo, na wewe Mzee usimsikilize. Baruti hii hutiwa kidogo mno. Tofauti ya uzito kati ya ganda na ganda, na kati ya kichwa na kichwa, hata vyangu, inaweza kukimeza kijiko kizima mizani isiseme kitu. Kuzitikisa sikioni ni mchezo wa watoto. Zinang'olewa vichwa, zote, baruti inamwagwa. Kazi ya mchana mmoja. Nitakuja kuifanya mimi, kwa basi na treni kama Deo hatataka kunileta, na nitaifanya bila kusema neno.

Baada ya hapo tubishane kuhusu baruti mpaka theluji iyeyuke. Ile ninayoitaka haipatikani rafuni kila wiki, najua. Tuisubiri. Afadhali msimu mzima bila kupiga.

Mzee Sadru, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, ikiwa hilo lina uzito kwako. Sikulaumu kwa kuinuka. Ungebaki umeketi dada yako alipoingia, nisingekuheshimu kama ninavyokuheshimu. Kosa nimeliweka juu ya baruti tangu mstari wa kwanza wa andiko hili, nimeliacha pale, na nafasi ya wewe kusimama upande huu pamoja nami ipo wazi. Sema vichwa vyangu vilikuwa vinene, ukitaka. Sema niliisahau adabu kwenye ndege.

Ila usinijibu kwa simu, wala kwa kumtuma Deo, wala kwa sauti kwenye kundi ambalo ufunguo wake unao wewe. Nijibu hapa, chini ya maneno haya, kwa jina lako, pale ambapo watakaopanda nawe gari Jumatatu watasoma: zile za kisanduku cha kijani, umezivunja?