Masafa Niliyosema ni Matupu

Mwalimu,

Kifaa chako cha mtoni bado ni kizima. Mimi ndiye niliyekizika kikiwa hai, na sahihi yangu iko kwenye karatasi. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine, kama huko uliko watu husikia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikununia? Hakuna mwanafunzi wako aliyeruhusiwa kuandika kwamba masafa fulani ya redio hayatumiki kabla hajayasikiliza misimu miwili ya mvua, ya masika na ya vuli, na kiangazi katikati. Kwingine watu walipima wiki mbili wakaenda kuvaa majoho. Sisi tulibaki Timau, tumejikunyata kando ya ngano na antena yako iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, baridi inatutoa machozi, tukiandika nani anaongea hewani na nani amenyamaza. Wenzetu walituita watoto wa mvua mbili. Nilikuchukia, Mwalimu, leo sifichi. Nawe ulinimiminia chai ya themosi ukasema, "Njeru, una haraka kama mtu ameacha maziwa kwa moto. Redio ikinyamaza, uliza inangoja nini."

Tulipokuzika Kiirua nilipewa kazi yako, na jambo la kwanza nililofanya ni kuzifuta mvua zako mbili. Niliwaambia wanafunzi kwamba siku hizi mashine husikiliza masafa yote kwa mpigo, hatuna haja ya kukaa mashambani kama wafukuza nyani. Walipiga makofi. Niliyafurahia makofi yale kuliko ilivyonipasa.

Basi mwaka huu ukaja mradi wa kumwagilia mashamba huku kwetu Karurumo. Walitaka masafa ya kuunganisha mitambo yao, wakaniomba nipime yapi ni matupu. Nilipima wiki mbili, kiangazi, vumbi tupu. Kwenye masafa ya kifaa chako sikusikia hata kikohozi. Nilijua ni yale. Nilikuwa nawe tulipokifunga kule juu ukingoni mwa msitu, ambako simu haishiki, ili maji yakipanda kitume ishara kwa king'ora cha hapa kivukoni, watu wasishuke mtoni. Lakini kibali chake cha majaribio kiliisha ukiwa kitandani, nami nikajiambia kimekufa pamoja nawe. Ni mwendo wa saa moja tu kupanda kukitazama. Sikutaka kuona mwandiko wako kwenye lile boksi. Huo ndio ukweli wote. Nikaandika "hayatumiki", nikatia sahihi.

Kumbe kilikuwa kimya kwa sababu maji hayakuwapo.

Wiki jana mawingu yaliufunika mlima na roho yangu ikakataa kutulia. Nilimwomba mama akae kivukoni asikilize, nikapanda. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Paneli ya jua haikuwa na vumbi. Mzee mmoja mwenye mizinga ya nyuki huipangusa kila apitapo, anasema ni wewe ulimwagiza. Niliinua boya la kupimia maji kwa mkono ulivyonifundisha, nikalishikilia dakika tano. Kilituma, nilikiona kikituma. Nikateremka mbio. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, akanitazama kwa huruma. "Hakuna kitu imelia huku, Njeru. Ni wewe tu nimesikia ukikuja ukihema." Mlingoti wa redio wa ule mradi unapiga kelele mchana kutwa kwenye masafa yale, na king'ora hakiwezi tena kuisikia sauti ndogo ya kule juu.

Unajua hapa hapana daraja. Mama huvuka kwenda sokoni na kanisani, na watoto wa shule nao huvuka. Wewe mwenyewe uliwazoeza: king'ora kisipolia, vukeni. Nimewaambia wasikiamini tena. Wananicheka. "Si ni nyinyi mlituletea?"

Nilipiga simu mradini nikaomba wauzime mlingoti. Bwana mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini Daktari, hiyo ripoti si ni yako? Andika barua, committee inakaa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi! Kana kwamba mvua nayo huhudhuria vikao. Mkuu wa idara akanishauri niseme mashine ilikosea, nisije nikapoteza cheo, pengine na kazi. Kwenye barua nimeandika kwamba mashine haikukosea, nilikosea mimi, kwa kuwa nilikuwa najua na sikwenda kutazama. Nimeituma vivyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa hivyo shuleni. Kinachoninyima usingizi ni kwamba guu litakalovunjika hapa si langu.

Nakuandikia nikiwa hapa kivukoni, daftari likiwa juu ya goti. Ni siku ya tatu nashinda hapa na filimbi niliyoazima shuleni. Asubuhi maji yalikuwa safi, ungeweza kuhesabu changarawe. Sasa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na huku kwetu hakujanyesha hata tone. King'ora kiko kimya juu ya nguzo yake.

Nimekukosa, Mwalimu. Nimeukosa hata ugomvi wetu. Nakuahidi hili moja: sitoki hapa mpaka mlingoti ule uzimwe. Wakinifukuza kazi, barua wailete mtoni.

Pumzika huko Kiirua, mama yangu wa kitabu. Nilitaka niandike zaidi, lakini namwona mama mzazi akiteremka ng'ambo, anatoka sokoni, kiondo mgongoni, ameinama, anatazama miguu yake tu. Gogo moja limepita. Nimepiga filimbi mara mbili na hajainua kichwa. Naweka kalamu chini.