Nilimtafsiria Bibi Nusu

Mpendwa Nei Kabuta,

Nimeiandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Naomba msaada wako, na naomba usilitaje jina langu wala la kisiwa changu, maana huku tuko wachache na kila mtu anakijua hata kikohozi cha mwenzake. Nina miaka ishirini na tatu, ni karani wa baraza la kisiwa, kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano na kutafsiri barua zinazokuja kwa Kiingereza, na watu husema naifanya vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwezi uliopita bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alininyooshea simu yake akasema, "Hebu niambie huyu mwanamume mwenye tai anabwata nini." Ilikuwa video ya mgeni mmoja, sijui wa wapi, akisema bahari haijapanda hata kidole, kwamba mikoko tunayotakiwa kupanda ufukweni ili kuzuia bahari ni alama za mpaka, na familia itakayopanda itakuwa imewapa wageni ardhi yake. Nilijua ni uongo, kwa sababu barua zote za mikoko zimepita mikononi mwangu na hakuna mgeni anayepewa hata shibiri moja, lakini bibi aliniuliza mtu huyo anasema nini, hakuniuliza kama anasema kweli, nami nikamwandikia kila neno kwa lugha yetu, safi kabisa, kama ninavyoandika barua za baraza, nikamtumia kwenye simu, nikaendelea kula samaki wangu.

Kufikia Jumapili maandishi yangu yalikuwa yamefika vijiji vyote vinne. Jina langu halimo, lakini bibi anajivunia, kila anayemuuliza humjibu, "Aa, hayo kayaandika mjukuu wangu, karani!"

Kisha tukakutana kwenye maneaba, jumba letu la mikutano, kuamua kuhusu mikoko na kuhamisha kisima kilichoingiwa na chumvi, na mahali pa kukaa pa familia saba zilizoyaamini maandishi yangu palikuwa patupu, nawe unajua, Nei Kabuta, maneaba yenye mapengo haiamui kitu. Mzee Nan Bureua alipiga paja lake akasema, "Karani wa baraza ameandika, nyinyi mnabisha nini? Nani kati yenu ameipima bahari kwa kidole?" Mwalimu akamjibu, "Njoo unywe maji ya kisima changu, mzee, tumbo litakupimia!" Watu wakacheka, wakaenda zao. Mimi nilikuwa pembeni na kalamu, msichana hasemi mbele ya wazee asipoulizwa, nikaandika kwenye kumbukumbu kwa mkono wangu mwenyewe: "Karani wa baraza ameandika."

Tunakutana tena Alhamisi ya wiki ijayo, na tusipoelewana miche itapelekwa kisiwa kingine. Chumvi imeingia hata kwenye shimo ambamo bibi hulima babai, magimbi yetu ya majini, majani yamekuwa manjano, naye anasema ni mwaka mbaya tu, utapita. Nikisema kweli nitamwaibisha mbele ya kisiwa kizima, na labda nifukuzwe kazi, nikinyamaza sijui atakula nini, na kila siku ananiwekea kichwa cha samaki, yaani sehemu aipendayo yeye. Nifanye nini?

Karani mwenye hofu

*

Binti yangu,

Futa machozi kwanza. Hukuutunga uongo huo. Lakini acha kujificha nyuma ya swali la bibi yako. Yeye si mkaguzi wa tafsiri. Alipokuuliza mtu yule anasema nini, alikuwa anakuuliza, "Mjukuu wangu, niamini nini?" Nawe ukamjibu vizuri mno.

Tazama alichofanya yule mwenye tai. Hajakanyaga kisiwa chenu, wala hatakunywa maji ya kisima chenu, lakini amewaondoa watu wa familia saba mahali walipoachiwa na babu zao. Nan Bureua akitaka kuipinga mikoko huku akijua kweli, mwacheni apinge, maneaba ni ya hilo. Ila mtu aliyedanganywa, hata akipaza sauti, anayesema si yeye.

Sasa sikiliza. Usitume masahihisho kwa simu, simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kesho asubuhi nenda na bibi kwenye shimo lake la babai, ukiwa na zile barua. Usimwambie kwamba alidanganywa. Mwambie, "Bibi, nilikutafsiria nusu." Kisha msomee nusu iliyobaki, barua zote, polepole. Muulize maji ya bahari yaliishia wapi alipokuwa msichana, halafu umwache atazame mwenyewe.

Atakasirika. Wanaokuachia kichwa cha samaki hawakasiriki muda mrefu. Mwombe mwende pamoja kwenye zile nyumba saba. Maneno yalitoka kinywani mwake, na hakuna atakayeyarudisha vizuri kuliko yeye. Mwenyekiti wa baraza mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Kama atakukaripia, karipio hilo ni lako, lichukue.

Alhamisi bibi yako aketi mahali penu. Ana haki ya kusema kutoka hapo, na ya kukuamuru usome barua mbele ya wazee. Kisha rudi pembeni, fungua daftari, uandike: "Karani alikosea. Bibi yake akamsahihisha." Chini yake andika watakaloamua, hata kama si ulilolitaka.

Nei Kabuta