Goti la Mama, Sifuri Hadi Kumi

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo, mimi mzima kama chuma. Yule mwanao aliyeshindwa na hesabu za kidato cha pili sasa ndiye anayesimamia vishikwambi kumi vya kliniki ya mifupa. Mgonjwa anajibu kwanza kwenye karatasi, baada ya saa moja anajibu maswali yale yale kwenye kishikwambi: maumivu yako ni ngapi, sifuri hadi kumi? Daktari anataka majibu yalingane. Hayalingani. Karatasi inasema mbili, kishikwambi saba. Basi anadai vishikwambi vyangu ni vibovu, virudishwe mwisho wa mwezi, nami nivifuate. Mimi naona vina akili kumshinda, ila sijamwambia usoni.

Mwanao, Bwana Vishikwambi

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima. Punguza mdomo. Karatasi hizo anazipokea nani? Kwetu anapokea dada wa mapokezi, na anazisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Mama, goti lako nane?" Nani anataka hayo? Mimi naandika mbili, najiendea zangu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Kumbe hata mpokeaji wa kliniki yetu huku anasoma kwa sauti! Nikachukua boksi la viatu, nikalitoboa juu, nikalifunga kwa gundi. Karatasi inakunjwa, inatumbukizwa, basi. Mpokeaji akanuna. Wiki mbili tu, karatasi zikapanda: saba kwa saba, sita kwa sita. Daktari akarudia hesabu mara tatu, akavua miwani. "Wewe umesomea wapi?" Nikamjibu, "Kwa mama." Vishikwambi vinabaki, nami nabaki, na boksi langu limeingia kwenye ripoti.

Sasa swali. Miaka yote unaniandikia kwamba u mzima. Barua hii haisomwi na mpokeaji. Goti lako, sifuri hadi kumi?

Mwanao, Profesa wa Boksi

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nane. Kwenye ngazi, tisa. Sasa daktari anajua, na Jumatatu naanza tiba.

Jana nilikwenda kliniki na boksi, lile la viatu vyako vya shule ulivyovikimbia. Dada wa mapokezi alifoka mpaka akachoka. Foleni nzima ilitumbukiza. Wa kwanza mimi.

Mama yako, aliyekusomesha