Wiki Tatu Ghalani

Same,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti limepoa tangu ile sindano uliyochomwa huko Morogoro. Sisi hatujambo. Blessing anasoma vizuri, baba yake ni mzima, na upepo wa Same ni uleule unaoujua. Msalimie sana mdogo wangu Faustina na wanawe. Ningeweza kupiga simu, lakini simuni husikii vizuri, na haya ninayotaka kukueleza sipendi Faustina akurudie kwa sauti sebuleni. Vaa miwani yako, kaa peke yako, usome mwenyewe.

Ulisikia habari za mvua ya Aprili. Milima ilimeguka, na huku bondeni maji yakazoa kila kitu. Familia nyingi ziliingia mjini zikiwa na nguo za mwilini tu. Kikundi chetu cha akina mama, Tulizo, kiliazimwa ghala la zamani la mahindi. Tulitandika mikeka, tukagawa vyumba kwa mapazia ya khanga, na kila asubuhi tukapika uji kwenye sufuria kubwa tuliyoazima msikitini. Baadaye mtu mmoja akatupa kiwanja upande wa chini wa mji, na watu wakachanga matofali na mabati hadi zikasimama nyumba sita za vyumba viwili viwili. Mimi ndiye katibu. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia familia, kuuliza walichopoteza na ndugu walio nao, na kuandika. Nyumba ya kwanza alipewa Naisiae, mjane wa Kimaasai ambaye mafuriko yalibeba boma lake pamoja na ndama. Alipofungua mlango nililia, nikaona kazi hii ni njema.

Siku ya pili ya kuandikisha, mwezi Mei, nilifika kwenye pazia la mwisho. Palikuwa na mzee amekaa juu ya ndoo. Aliponyanyua uso nilimjua kabla hajataja jina. Alikuwa Baba Mdogo Filemoni. Mkewe, Mama Mdogo Eliwaza, alikuwa amelala ametupa mgongo, na kando yake wajukuu wawili waliofiwa na mama yao. Mzee hakunijua. Pale wote huniita Mama Blessing, na mara ya mwisho kuniona nilikuwa na miaka tisa.

Nikamuuliza maswali niliyowauliza wengine. Akaniambia kijana wake wa Dar es Salaam hapokei simu, na kwamba nyumba yake ya Vudee imeondoka na udongo. Nikamuuliza ilijengwa na nani.

“Niliijenga mwenyewe, mama,” akasema. “Kwa mikono yangu hii miwili.”

Mama, niliandika hivyohivyo alivyosema. Ila moyoni nilikuona wewe, una mimba ya Faustina, ukibeba maji kutoka ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ili Baba afyatue matofali. Nilikuona pia kesho yake baada ya matanga ya Baba, magodoro yetu yako nje kwenye matope, na huyu mzee akiwaambia waombolezaji kwamba mwanamke aliyezaa wasichana watupu hana cha kulinda katika ardhi ya ukoo. Ulipiga magoti ukamwomba juma moja tu, kwa sababu Faustina alikuwa na surua. Akakupita kama anapita kisiki, akaingia ndani na kufunga mlango wa Baba.

Kamati ya kikundi ilipokaa, hakuna aliyebisha: mzee, mke mgonjwa, yatima wawili. Wakapewa nyumba ya tano. Mwanzoni mwa Agosti mwenyekiti wetu, Mama Anaeli, alinikabidhi funguo nizigawe. Kisha nikamwita Baba Mdogo kwenye uwanja wa kanisa, nikamkalisha kwenye benchi, nikamwambia mimi ni Magreth, binti wa kaka yake Joel.

 Akauliza kama wewe u hai. Nikamjibu kwamba hilo hana haki ya kuliuliza. Nikamweleza kuwa nyumba ni yake, ila kikundi kina sharti. Apande Vudee, asimame mbele ya mkutano wa kijiji, aseme kwa mdomo wake lile shamba lilikuwa la nani na alilipataje, na iandikwe. Akasema yeye ni mtu mzima, aibu ile itamuua.

“Aibu haikumuua mama yangu,” nikamwambia.

Wiki ya kwanza hakwenda. Wiki ya pili alimtuma Mama Mdogo Eliwaza aje kunisihi, nami nikamjibu kwa ufupi kwamba kamati inasubiri. Wiki ya tatu akapanda gari la Vudee, nami nikapanda lilelile, nikakaa kiti cha nyuma yake njia nzima bila kumsemesha.

Mkutanoni nilikaa benchi la mbele. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wilson, alimpa nafasi, naye Baba Mdogo akaanza kusema kwa sauti ya chini akitazama viatu vyake. Nikanyoosha mkono, nikasema watu wa nyuma hawasikii. Ikabidi arudie tangu mwanzo. Akarudia kwamba nyumba ilijengwa na marehemu kaka yake, na kwamba yeye alimtoa mjane na mabinti wawili, mmoja akiwa mgonjwa. Wazee wa ukoo walioshuhudia wakati ule wakainama. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Sitakudanganya, Mama. Nilisikia raha mwilini kama mtu aliyekula baada ya njaa ya miaka ishirini na sita. Pale penye nyumba pameporomoka, lakini shamba lote la chini ya ndiva ni zima, na ni lako. Nakala ya muhtasari, yenye mhuri, nimeiweka humu ndani ya bahasha.

Sasa nikuambie lile ambalo mkutanoni halikusemwa. Kikundi hakikuweka sharti lolote. Sharti lilikuwa langu. Kwa wiki zote tatu ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu, na Mama Anaeli nilimwambia mzee mwenyewe ameomba asubiri kidogo. Wenzao wote walikuwa wamehama, wengine kwa ndugu zao, mapazia yamefuliwa na kurudishwa kwa wenyewe, nao wakabaki wanne katika ghala tupu, na unaujua ubaridi wa Agosti unaposhuka kutoka mlimani. Nilimsikia Mama Mdogo akikohoa siku aliyokuja kunisihi. Nilisikia, nikamrudisha.

Kikohozi kikawa nimonia. Alilazwa siku kumi na moja. Nilipokwenda kumtazama aliniambia nisogee.

“Nilikujua siku ileile ya kwanza, Magreth,” akasema. “Una macho ya baba yako. Nikanyamaza, nikasema mwache amlipe mzee. Lakini mimi nilikukosea nini?”

Mama, ndiye aliyetukimbilia njiani siku ile, akatupa makande kwenye jani la mgomba na khanga ya kumfunika Faustina.  Ametoka hospitali na wamehamia nyumbani kwao, lakini hatua kumi tu anatafuta pumzi, na daktari anasema haitakuwa kama zamani.

Juzi nilimweleza Mama Anaeli yote. Nimevuliwa ukatibu, na akina mama wananisalimia kwa mbali. Ni haki yao. Kila asubuhi nampelekea Mama Mdogo maji na kuni. Hupokea, hufunga mlango.

Kwa niliyomtendea Mama Mdogo namwomba Mungu anisamehe, nawe pia unisamehe. Kwa yule mzee siombi chochote. Ukiniandikia kwamba nimsamehe, nitaisoma barua yako kwa heshima zote, nitaikunja, na kesho yake nitapita tena mlangoni pake bila kumwamkia. Wala usiniambie shamba lirudi kwake. Njoo kabla ya vuli tupande mahindi yako. Nataka yule mzee apande mlimani akuombe kibarua.

Wasalimie wote wanaonikumbuka hapo Morogoro. Baba Blessing anakuamkia, na Blessing anasema shikamoo Bibi.

Ni mimi mwanao,
Magreth