Muti mubichi juu ya moto

Bagira, Siku ya Mungu, mangaribi. Mvua ilianza mbele ya misa na mpaka sasa haijanyamaza.

Nimechoka, shajara yangu. Si uchovu wa kazi. Ni ule wa kuona jambo linaharibika, na mikono yako miwili iko hapo, haina la kufanya.

Papa ni muchongaji, kama babu, kama baba ya babu. Kwetu binti haendi kuolewa bila chombo cha maziwa cha muti, alichochongewa na baba yake. Mimi nilipoolewa Ibanda nilienda na changu. Sasa ni zamu ya mudogo wangu Nabintu. Papa alikata muti, akachonga inje yote, akaanza kutoboa ndani. Kisha ugonjwa ukamuangusha. Ulichukua mukono wa kuume na ulimi.

Hajasema neno tangu siku ile.

Kazi ya ndani ndiyo ngumu, na inafanywa muti ukiwa mubichi. Papa alimufundisha kaka yetu Mugisho tu, na Mugisho alienda zake Kamanyola kufanya biashara. Tulimutumia habari, akajibu atafika siku inayofuata Siku ya Mungu hii, ni kusema kesho. Kwetu ilibaki jambo moja: muti usikauke. Nikarudi kulala huku Bagira, kwa papa na maman. Kila jioni nikitoka kazi kule biro, mimi na Nabintu tunaufunga katika kitambaa chenye mayi na kuuweka kwenye pembe ya jikoni yenye baridi. Kule biro shefu wetu, na koti yake ya abakosti isiyo na tai, anatuhubiria kila siku kurudilia mambo ya mababu. Natamani nimulete hapa jikoni aone mababu wanavyoishia!

Leo tulienda misa, Nabintu na mimi. Maman alibaki na papa jikoni, maana papa anasikia baridi na tunamulaza karibu na moto. Mvua ikapita kwenye mabati, ikadondoka pale pembeni. Maman aliona kitambaa kinazidi kulowa, akaogopa muti utaoza. Masikini maman! Akaufungua, akauweka kwenye utara juu ya moto, pale vyombo vyote vya nyumba hii vinapokaushwa kwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Lakini vile vinakuwa vimekwisha kuchongwa. Huu ulikuwa mubichi bado. Amepanga vyombo pale tangu alipoolewa, mikono yake ilienda yenyewe.

Na papa alikuwa anaona.

Tuliporudi, maman alianza kulalamika hata hatujavua viatu. "Leo papa yenu amenisumbua, jamani! Analia, anapiga-piga kitanda na mukono wa kushoto. Nikasema ni njaa. Nikamupa uji, akatema. Nikamupa tena, akatema tena."

Nikainua macho. Ufa ulikuwa umeshuka toka mudomo wa chombo mpaka chini kabisa.

Nabintu alitoka inje kwenye mvua. Maman akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ule muti ulikuwa mubaya toka mwanzo, si kosa ya mutu. Papa alikuwa ananiangalia nikisema uongo huo.

Niliushusha, nikauweka juu ya magoti yake. Akapitisha kidole kwenye ufa, polepole. Kisha akaanza kunionyesha kitu kwa kidole kile. Moto. Chombo. Mimi. Moto tena. Roho yangu ikaruka: labda kuna dawa ya ufa, labda babu alimufundisha! Nikaleta kisu, akatikisa kichwa. Nikaleta siagi. Hapana. Nikaleta waya. Hapana. Jasho lilikuwa linamutoka kwenye paji.

"Papa, sielewi. Unisamehe."

Akaanza tena, taratibu, kama mutu anayefundisha mutoto muzito. Moto. Chombo. Mimi.

Sikuelewa. Mungu wangu, sikuelewa kitu! Alikuwa anasema ufa unaweza kufungwa? Ao alikuwa ananiambia tu nisimulaumu maman? Ao niutupe motoni, yaishe? Kesho Mugisho anafika na visu vyake, na mimi nitasimama mulangoni bila jibu.

Mwishowe mukono wake ukaanguka juu ya blanketi. Nikachukua kijiko, nikamupa uji, sawasawa na maman.

Safari hii hakutema.