Mulinzi Mwenye Hakusikia Kitu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa tatu

Nimefungua biro ya parokia saa mbili. Kusali kidogo, kufagia, kuwasha ordinatere, kompyuta yetu. Chombo ya ulinzi inaonyesha 0, kama kila asubuhi. Maana yake hakuna mutu mwenye kujaribu kuingia mu rezo yetu ya intaneti kwa nguvu. Nimeandika sifuri mu kaye. Asante Mungu.

Chombo hii ni ya bule. Batu ya mbali banaitengeneza na banaiachilia dunia yote, kila mutu anaweza kusoma ndani yake vile inafanya kazi. Inanipendeza.

Kisha maombi ya juma. Mu kikundi cha sala ninayasoma kwa sauti, bila kutaja pahali. Pahali ninaandika mu ordinatere tu, ku liste, juu bamama benye kutembelea benye shida bajue kwa kwenda. Ya kwanza ingali ya Mama Odette. Ninamuita yaya, dada mukubwa, alinitangulia kuzaliwa, na tulivuka pamoja kutoka Congo. Anaombea mutoto wake Solange, mwenye kukimbia bwana wa kumupiga. Solange amejificha ku kisanga ya Chisenga, mu ziwa, kwa bavuvi, na kitoto ya juma mbili.

Siku ya ine, tarehe 5

Yaya Odette ameingia bila kupiga hodi. Bwana ya Solange amemupigia simu na kumusomea maombi yake. Neno kwa neno. Kwamba Mungu amufunike mutoto wake kama kuku anafunika bitoto yake. Kisha akacheka, akakata.

Chisenga hakuitaja.

Odette aliuliza kitu moja tu: ameona liste, ao amesikia kwa mutu? Kama ni mutu wa kikundi, hajui pahali. Kama ni liste, anajua.

Nikafungua chombo. Leo 0. Jana 0. Mwezi muzima 0. Nikamuonyesha na kidole. "Yaya, hakuna mwenye kuingia. Ni mudomo ya mutu." Nikaweka mukono juu ya Biblia. Hakuna mwenye aliniomba kuuweka.

Akakubali kungoja, asimutoshe Solange ku kisanga leo. Upepo ni mingi, kitoto ni kidogo.

Ku Kashikishi, kwenye kuanika samaki, bamama bananiita Mama Redio. "Mama Redio, leo habari gani?" Ni kweli ninapenda kuongea. Lakini hii sikuongea. Imeniuma.

Siku ya tano, tarehe 6

Sijui nianzie wapi.

Nilimwita Ba Chola, fundi wa ordinatere hapa Nchelenge, aangalie tu, roho yangu itulie. Nikamuonyesha kaye. Akauliza: "Ba mama, kila siku sifuri? Hata mutu moja kukosea paswedi?" Nikajibu na kiburi: hata moja. Akakamata waya ya chombo kwa nyuma, akaifuata na kidole. Ku mwisho haina kitu. Mu mwezi wa kwanza tulipata antene mupya ya wifi, na simu zote na ordinatere zinapita kule. Chombo hakuna mwenye aliihamisha. Ilibaki kusikiliza waya yenye kufa.

"Mulinzi wenu analinda choo, mama, na bezi banapita ku salon."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kisha nikakaa chini ku simenti.

Chombo haijui kusema "sisikii kitu". Inasema 0. Ile ile 0 yenye nilikuwa ninashukuru.

Antene iko na kumbukumbu yake. Ba Chola akaifungua. Siku ya yenga yenye kupita, wakati wa misa, simu moja ya kigeni ilijaribu paswedi ya liste mara mingi, mingi, mpaka ikaingia. Tulikuwa tunaimba. Bwana ya Solange alikuwa inje, mu lupango, kiwanja ya kanisa, pengine amekaa ku benchi yetu. Paswedi ya wifi tunaandika ku ubao wa kanisa, juu mugeni asijisikie mugeni.

Nilikimbia mpaka kwa Odette. Kiatu moja kilibaki mu njia. Nikasema yote pale mulangoni: ameona liste, anajua kisanga, nilikudanganya bila kujua. Hakunitukana. Akafunga kitenge, akaenda kutafuta boti ya asubuhi.

Siku ya posho, tarehe 7

Upepo. Rozari tatu, na sijui nilisema nini. Boti iliondoka mapema. Hakuna habari. Sijakula.

Saa kumi, simu ya yaya. "Niko naye." Ni hayo tu, akakata.

Jioni mutu wa boti akaniambia mengine. Bwana alifika Chisenga saa moja tu kisha boti yao kuondoka. Alikuta jiko ingali na moto. Alivunja sufuria, akauliza kambi yote. Saa moja! Na mimi niliapa juu ya Biblia.

Siku ya pili ya juma, tarehe 10

Ba Chola amehamisha chombo ku antene. Leo haionyeshi 0. Imenitisha. Pahali zote nimezifuta ku liste. Ubao wa kanisa pia nimefuta.

Amenionyesha ukurasa kwenye bale batengenezaji banaongea. Banafanya hii kisha kazi zao, bila mushahara. Miaka imepita, mutu moja aliomba chombo ilie kama haisikii kitu kabisa. Bengine bakajibu: wazo nzuri. Hakuna mwenye kuifanya. Nilitaka kukasirika. Lakini mi pia, mara ngapi nimesema wazo nzuri na nikaenda kulala?

Ba Chola ameandika pale chini mambo yenye kutufikia, bila majina. Nikamwambia: ongeza kwamba kulikuwa na kitoto.

Siku ya yenga, tarehe 15

Yaya Odette amekaa pembeni yangu mu misa. Siku nane hakunisemesha. Kisha tulitembea mpaka ku maji, tukanawa miguu. Solange na kitoto beko bazima.

Akasema: "Umuombee mutoto wangu."

Nikangoja. Zamani angeniambia yote, nyumba gani, nani anabapikia. Leo alifunga kitenge vizuri tu. Sikuuliza.

Nimemuombea Solange. Sijui pahali eko.