Majengo ya Milcah Ukutani

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Nimetoka zamu nikakuta ukuta umevaa majengo! Milcah kayachapisha kule kliniki kwake, kayabandika kwa selotepu juu ya kitanda, pale pale ninapotundika sare. Sare nimeikuta sakafuni.

Newcastle. Mji wa kaskazini mwa Uingereza. Hospitali ya huko imempa mke wangu kazi ya unesi. Mimi nimepewa nini? Nafasi ya kumfuata.

Akaanza kunifundisha, mwiko mkononi kama mwalimu wa darasa la nne. Hili ni Theatre Royal, jumba la maigizo, tazama nguzo. Hili ni Baltic, ng'ambo ya mto, zamani kinu cha unga, siku hizi wanaonyesha sanaa. Kinu cha unga! Kwetu Kitale posho mill ikifa watu huingiza mbuzi. Nilicheka kwa ubaya. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 8 Novemba

Zamu. Kufungua mlango wa kioo wa hoteli, West Bay hapa Doha, kutwa nzima. Sina la kuandika. Miguu.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumegombana. Partisheni yetu hapa Al Mansoura, chumba kilichogawanywa, ukuta wake ni mbao nyembamba, kwa hiyo tunagombana kwa kunong'ona. Inachosha kuliko kupiga kelele. Jirani Mfilipino alizima redio ili asikie vizuri.

Hospitali inataka jibu kabla ya Jumapili: anakwenda peke yake au na familia. Nikisema ndiyo, mwanetu Shaun anatoka kwa nyanya yake na tunaishi watatu nyumba moja. Hatujawahi tangu mtoto aanze kutembea. Nikisema hapana —

"Baba Shaun, mimi naenda. Usifikirie nakubembeleza."

Nikamwambia majengo hayo ni yake. Mimi nitayajua kwa milango tu. Huko nako watanivalisha koti wanisimamishe nje kwa baridi. Ule ukumbi wa muziki wa vioo, uliojipinda kama konokono, una milango mingapi? Hilo ndilo swali langu!

Akasema, "Wewe hata hapa Doha hujawahi kuingia mahali. Miaka yote hii."

Uongo. Nimeingia... Nimefikiri hadi sasa. Supamaketi. Metro. Kanisani.

Leo namchukia. Naandika ili nisimwambie.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Onyango, ninayesimama naye mlangoni. Yeye angekuwa mimi, anasema, angekuwa ameshapaki. Kisha: "Lakini bro, huko utakuwa unamuita madam?" Akacheka mpaka mudir, meneja wetu, akageuka. Mjinga.

Nimerudi nyumbani nikabandua picha ya lile daraja linaloinuka kupisha mashua. Nikalikunja, nikalitia chini ya mguu wa kitanda unaoyumba. Sasa hakiyumbi. Kinu cha unga nimekiacha ukutani, sijui kwa nini.

Milcah ameona. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika kwenye simu. Nimeketi kwenye ukingo wa mawe nje ya jumba la makumbusho, huku Corniche, kando ya bahari. Jasho linanitoka.

Wazo lilikuwa lake. Leo wote tuko off, twende, niingie jengo moja tu, halafu nitoe jibu. Nikakubali ili kumkomesha. Nikavaa shati jeupe, suruali nyeusi, viatu nikaving'arisha. Ndizo nguo nzuri nilizo nazo.

Tukafika. Nikavuta mlango Milcah apite. Akapita. Nyuma yake mama mwenye kigari cha mtoto — nikaushika. Wazee wawili — nikaushika. Kisha basi zima la watalii! "Welcome, sir. Welcome, madam." Mdomo wangu mwenyewe! Mgongo umenyooka, mkono mmoja nyuma. Mzungu mmoja akanikabidhi kikombe chake cha kahawa, kitupu. Nikakipokea. Nikasema asante! Akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha kwa kiganja kilichofunguka, kama tulivyofunzwa. Na mimi sijui choo kiko wapi. Sijawahi kuingia!

Askari wa pale, Mganda, akanijia polepole. Nilidhani ananifukuza. Akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, leo si zamu yako. Ingia tu."

Angenitukana ningemjibu. Upole ule ndio ulionimaliza.

Nikageuka. Milcah alikuwa ndani, ameona yote. Nilimngoja acheke, nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia maisha yangu yote. Hakucheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Nikaachilia mlango, nikatoka huku.

Bado nina kikombe cha yule mtu.

Nilidhani atanifuata. Hajanifuata. Nilidhani basi ataendelea kutazama vitu vyake. Hajaenda. Amerudi mlangoni, kwa upande wa ndani. Ameusukuma, ameushika wazi. Watu wanapita, wanamshukuru, na yeye anawakaribisha. Nesi mzima! Mganda anamwambia kitu, Milcah anatikisa kichwa. Haangalii hata mmoja wa hao wanaopita. Ananiangalia mimi.

Mlango ule ni mzito. Nimeushika, najua.

Amebadilisha mkono.